Yordani ya Ukutani

Nyakerario alisubiri miaka arubaini na mmoja kubatizwa, na aliyekuja kumzibia njia mwishoni hakuwa shetani, alikuwa mwanawe wa kumzaa. Shetani angemwelewa, maana hiyo ndiyo kazi yake. Lakini mtoto uliyembeba mgongoni ukichuma majani chai kwenye mvua, ukamsomesha mpaka akajua brashi inashikwaje, aje akusimamie mlangoni pa mbingu na ndoo ya rangi mkononi, huyo utamwambia nini?

Wako watoto hapa Nyacheki wanaodhani bibi yule alikuwa mpagani. Hakuwa mpagani hata siku moja. Alikuwa mke wa pili, na katika kanisa letu la Sabato, enzi hizo, afadhali upagani. Akiwa na miaka thelathini na saba alisoma darasa la ubatizo, akajibu maswali yote bila kugugumia, akajishonea na gauni jeupe la kuingilia majini. Wazee wa kanisa wakaketi, wakakohoa, wakamwambia hawezi kuzamishwa maadamu mume yu hai na mke wa kwanza yu hai. Achague, amwache mume au angoje. Amwache aende wapi na watoto sita? Akangoja. Osoro, mwanamume mwenyewe aliyeoa wawili, hakuulizwa kitu. Jumamosi Osoro alilala hadi saa nne, kisha akaamka kuuliza chai yake iko wapi.

Mke wa kwanza, Persis, alikuwa amebatizwa tangu usichana, kwa hiyo yeye mambo hayo hayakumgusa. Akawa shemasi, halafu kiongozi wa mashemasi wanawake, na kiti chake kikawa benchi la mbele, na leso yake imepigwa pasi. Nyakerario alikaa la nyuma, karibu na mlango. Kila kanisa lilipoandaa Meza ya Bwana, mkate ulipita mbele ya pua yake ukaenda zake. Mwanzoni alivumilia. Baadaye akaona hawezi kutazamwa namna ile kila miezi mitatu, akawa siku hizo anainuka kabla mkate haujatoka, anarudi nyumbani, anaketi jikoni kwake na kuimaliza Sabato peke yake.

Jikoni kwenyewe kulikuwa kumeezekwa kwa makombo. Osoro aliponunua mabati mapya ya nyumba ya Persis, yale ya zamani yaliyong'olewa, yenye matundu ya misumari mistari kwa mistari, ndiyo aliyopewa mke mdogo. Mvua ikinyesha alitega sufuria.

"Subira huvuta heri," wakamwambia miaka yote hiyo. Alijibu kwamba yeye ameiona ikivuta majeneza tu.

Januari mwaka jana ikavuta la Osoro. Nyakerario alilia inavyopasa, maana mume ni mume, na kabla udongo haujashuka kaburini akaenda kuandikisha jina lake. Mwenye daftari alikuwa mzee Alfayo, mzee wa kanisa, ambaye siku za kazi hupima majani chai ya watu pale kituoni na siku ya Sabato huwapima watu wenyewe. Ndiye yule yule aliyekuwa karani kijana, miaka ile, akalikata jina la Nyakerario kwa wino na rula. Safari hii aliliandika polepole, kama mtu anayetoa zawadi, akasema, "Bwana ni mwema, mama. Utakuwa wa kwanza kutumia birika letu jipya."

Zamani tulibatizwa mtoni, tope hadi magotini. Sasa tulikuwa na kanisa la matofali, na ndani yake, nyuma ya mimbari, birika la ubatizo lililojengwa kwenye kijichumba chenye upinde mbele na dari ya mbao juu, na ngazi za kuingilia upande na upande. Kila kitu kilikuwa tayari isipokuwa ukuta wa nyuma, uliokuwa plasta tupu. Na Alfayo alikuwa amekwenda arusini upande wa Mosocho, akaona kanisa la watu lenye Yordani iliyochorwa ukutani, ina mitende, ina njiwa, akarudi moyo umemchafuka kwa wivu. Baraza la kanisa likapitisha kwamba hakuna atakayeingia birikani mpaka Yordani iwe ukutani. Ubatizo ukawekwa Agosti, wakati wa makambi, wageni wa makanisa mengine wakiwepo ili waone.

Ukikosa Agosti ungoje Desemba. Na hapo ndipo penye jambo, kwa sababu daktari wa Nyamira alikuwa amemwambia Nyakerario kwamba moyo wake umepanuka. Asipande milima, asibebe mizigo, asikasirike. Sasa huku kwetu milima ndiyo ardhi yenyewe, na hasira ndiyo iliyomfikisha bibi yule miaka sabini na minane. Alitoka kwa daktari akijua kwamba Agosti ataifika akijikaza. Desemba hakuwa na uhakika nayo.

Sasa tuje kwa Lewis. Huyu alikuwa kitinda mimba wake, mtu wa miaka arubaini na sita, mchoraji wa Nairobi. Ukisema mchoraji huku tunakuelewa, ni yule anayeandika jina la bucha ukutani na kuchora ng'ombe anayecheka. Lewis hakuchora ng'ombe. Lewis hakuchora kitu chochote. Alichora nuru. Alichukua kanvasi kubwa kama mlango, akapaka njano ikififia kuwa nyeupe, na nyeupe ikififia kuwa sijui nini, basi, kazi imeisha. Alikuwa na kitabu kilichochapishwa ng'ambo kinachosema kwamba mchoraji huyu anaitafuta roho ndani ya nuru. Mama yake alisomewa ukurasa huo akacheka mpaka akashika mbavu.

"Kwani roho imepotea," akauliza, "mpaka itafutwe kwa brashi?"

Alipokuja kumzika baba yake alikuja na kanvasi saba zimefungwa kamba, akazisimamisha stoo, akakaa. Hakusema ataondoka lini, na mama yake hakumuuliza, maana mwanamume anayerudi kuoshewa bakuli na mvi kichwani huwa ana sababu zake. Wimbi la uji lilipovunwa, Nyakerario alitoa kanvasi moja, akailaza uani, akaanika wimbi juu yake. Lewis akatoka akasimama kuitazama.

"Mama, hiyo ilitundikwa miezi mitatu Ujerumani, watu wanakuja kuitazama."

"Basi sasa imepata kazi," akasema mama yake.

Alfayo alimpa Lewis ule ukuta kwa sababu mafundi wa Kisii mjini walitaka kulipwa. Lewis naye aliupokea kwa dharau zake zote. Mitende, akasema, nani hapa amewahi kuona mtende? Njiwa gani anayesimama hewani kama amefungwa uzi? Lakini mama yake alimkalia, akamwambia jambo moja tu, chora mto. Lewis akakohoa. Mama akadhani ni kuitikia.

Wiki tatu alifanya kazi nyuma ya shuka alizotundika kwenye upinde, mtu asichungulie. Jumapili moja mchana akaliita baraza. Tulikuja wengi, hata tusio wa baraza. Persis alikuja na leso yake. Nyakerario alikaa benchi la nyuma kwa mazoea, ingawa siku hiyo mbele kulikuwa na nafasi. Lewis akavuta shuka.

Hakukuwa na mto. Chini ukuta ulikuwa wa rangi ya majivu, katikati njano iliyopauka, juu nyeupe, na hizo rangi hazikuwa na mwanzo wala mwisho, zilikuwa zimeingiliana tu. Watu walitazama kwa heshima kidogo, kisha wakatazamana. Mama mmoja nyuma yangu akanong'ona kwamba uji umefurika. Persis akauliza kwa upole kama huo ni ukungu.

"Ndugu Lewis," akasema Alfayo, "Yordani iko wapi?"

"Iko ndani ya nuru, mzee."

"Basi itoe."

Lewis akaanza kueleza. Alisema mto ni maji, na maji ni njia tu, lakini anayebatizwa hafuati maji, anafuata nuru, na nuru haina umbo, na ukitaka kuiweka rohoni mwa mtu usimpe picha ya kufikiri kwa niaba yake. Alieleza vizuri, nadhani. Hao wa Ujerumani wangetikisa vichwa kwa kukubali. Alfayo alimsikiliza akiwa ameshika ukosi wa koti, kisha akasema kwamba makambi ni baada ya wiki nne, wageni watakuja, na kanisa hili halitazamisha mtu mbele ya ukuta mchafu. Ama Yordani iwepo, ama ubatizo uende Desemba.

"Siugusi tena," akasema Lewis, akakunja shuka zake, akatoka.

Nyakerario aliona aibu, na baada ya aibu akaona hasira, ile aliyokatazwa na daktari. Kusema kweli ile rangi ya majivu aliijua, ila hasira haikumpa nafasi ya kukumbuka aliijulia wapi. Arubaini na mmoja, alikuwa akijiambia njiani, akishika fimbo. Osoro nilimngoja afe. Sasa huyu nimngoje nini?

Jumapili hiyo hakusema neno, wala Jumatatu, na waliomjua walianza kupita mbali. Jumanne saa nne asubuhi, maziwa yakiwa motoni, akamwita mwanawe jikoni.

"Alfayo amesema Desemba."

"Nilikuwepo, mama."

"Na wewe unasemaje?"

Lewis aliketi kwenye kigoda, magoti yakimfika kidevuni. "Nikichora ile mitende yao nimekwisha. Miaka ishirini na mitano nimekataa kuchora vitu vya namna hiyo. Nimelala njaa kwa kukataa. Na ule ukuta sikuwachorea wao. Nilitaka siku ukiingia majini uwe na kitu cha kweli cha kutazama, si picha ya kalenda. Nilikuchorea wewe."

Nyakerario alisukuma ukuni motoni. Amesoma, akafikiria, amepanda ndege, ameandikwa kitabuni, na bado hajui kitu. Lewis mwenyewe hakuwahi kubatizwa, alikimbilia Nairobi kabla maji hayajamfikia.

"Wewe umewahi kuona mtu akibatizwa?"

"Nimeona mara nyingi."

"Umeona ukiwa benchini. Lala hapo."

"Wapi?"

"Hapo kwenye gunia. Lala chali."

Kwanza akamsimamisha. Mkono mmoja akamshika kisogo, mkono mwingine akambana pua kwa kile kitambaa cha kuepulia sufuria, chenye harufu ya maziwa yaliyoungua. Maneno ya mchungaji hakuyasema, kwa kuwa hiyo si kazi yake. Akamlaza nyuma, mtu mzima wa watu, mpaka mgongo ukagusa gunia, na moyo wake uliopanuka ukaenda mbio kwa kazi hiyo.

"Unaona nini?"

"Mabati," akasema Lewis, puani.

"Ukuta uko wapi?"

Lewis akazungusha macho kuutafuta.

"Anayezamishwa hutazama juu, mwanangu. Nikisimama majini nitawatazama nyinyi mlio benchini. Nikilazwa nitatazama juu. Ule ukuta ni wa Alfayo na wageni wake. Mimi nitaupa mgongo tangu mwanzo hadi mwisho. Wewe na mzee huyo mmegombania kitu ambacho mimi sitakiona, halafu mnaniambia ni kwa ajili yangu." Akamwachia pua. "Mpe Alfayo mto wake. Mpe na samaki."

Alidhani mwanawe atainuka aende. Hakuinuka. Jua lilikuwa limefika juu ya paa, na kupitia yale matundu lilishuka ndani ya moshi kwa nyuzi nyingi nyembamba, likamtia Lewis madoadoa kifuani na usoni. Alilala pale macho wazi kama mtu aliyeanguka kutoka mtini.

"Wakati wa Meza ya Bwana, ulikuwa ukija kukaa hapa?"

"Ningeenda wapi?"

"Ukifanya nini?"

"Nikikaa."

"Ukitazama nini, mama?"

"Kulikuwa na nini cha kutazama? Nilikuwa natazama matundu ya mke mwenzangu. Sabato ya mtu mmoja ni ndefu. Yako mia mbili na kumi na moja. Hilo la pembeni linavuja." Maziwa yakaanza kupanda. "Sasa niondokee hapo, nataka gunia langu."

Jumatano Lewis alirudi kanisani na bluu. Loo, bluu ile. Bluu ya sweta za shule. Kwa siku nne alimchorea Alfayo mto unaokwenda kwa kupindapinda, mitende saba, njiwa amefungwa uzi hewani, na mawingu mawili yaliyolingana. Mara hii hakuficha kitu kwa shuka, na Alfayo alikuja kila jioni akitoka kupima majani chai, akaketi benchi la mbele, akaagiza. Je, samaki? Lewis akatia samaki. Je, mgomba mmoja hivi kwenye kona, ili wenyeji wajisikie nyumbani? Lewis akapanda migomba miwili kando ya Yordani, na ndizi zake zimeiva. Watu waliletana kuona. Kuna mzee alisimama mbele ya ule mto akavua kofia.

"Sasa hii ndiyo roho," Alfayo akamwambia Lewis. "Unaona ulipokubali kuongozwa?"

"Naona, mzee," akasema Lewis, na Nyakerario, aliyekuwa ameleta chai kwenye chupa, alishangaa kwamba kijana hakukohoa. Badala yake aliomba ruhusa ya kupaka ile dari ya juu ya birika, maana mbao zina madoa ya maji. Alfayo akamwambia apake tu. Dari ile ilikuwa imefichwa na upinde, na kitu kisichoonekana kutoka benchi la mbele hakikumhusu Alfayo.

Mto ulikuwa umemaliza siku nne. Dari ya mbao, ambayo mtu angeipaka kabla ya chakula cha mchana, ilimchukua Lewis wiki mbili na ushee. Alirudi nyumbani kila siku na rangi kwenye nyusi, na shingo imekakamaa, akigeuka mwili mzima anapoitwa. Nyakerario alimkanda kwa mafuta ya moto bila kuuliza. Mto haumpindi mtu shingo hivyo, alijua. Alikuwa na swali moja tu moyoni, nalo hakulitoa, kwa sababu aliogopa jibu. Je, amenichorea tena mambo yake ya Ujerumani, nami nitoke majini nilazimike kumdanganya?

Ijumaa ya makambi wanawake walijaza birika kwa ndoo, wakamaliza jua likiwa bado juu kidogo, Sabato isiwakute na maji kichwani. Kesho yake kanisa likafurika, na wageni wakajaa hadi nje. Nyakerario alivaa gauni lile lile la miaka arubaini na mmoja, lililokuwa limegeuka manjano sandukuni na ambalo sasa lilimtosha mara mbili. Alipoitwa jina alinyanyuka benchi la nyuma. Mahali alipotoka akaketi Lewis, karibu na mlango.

Ngazini alikuwa Alfayo na daftari. Ng'ambo ya pili ya birika, penye ngazi za kutokea, alikuwa Persis, ameshika shuka ya kumpokelea, kama alivyowapokelea watu wote wa kanisa hili tangu enzi za mtoni. Nyakerario alimwona akiwa amesimama wima, mwanamke wa miaka themanini na mbili ambaye hajawahi kutolewa nje kwa lolote, akamchukia kidogo kwa mazoea.

Maji yalikuwa baridi mpaka mifupani. Mchungaji, kijana mwenye huruma, alikuwa ameambiwa habari za moyo wake, akawa anatetemeka kuliko yeye. Alisema maneno yake akiwa ameinua mkono, kisha akashusha kitambaa kumfunika uso.

"Pua shika," akasema Nyakerario kwa sauti ndogo. "Macho niachie."

Akalazwa.

Hakuona mbingu. Alijitayarishia mbingu, alijitayarishia njano na nyeupe na sijui nini, na hakuona hata kimoja. Aliona jikoni kwake. Dari yote ilikuwa rangi ya masizi, na katika masizi hayo mlikuwa na matundu, mistari kwa mistari, kila tundu limewaka, na kutoka kila tundu nuru ilishuka moja kwa moja juu yake ndani ya moshi. Hakuyahesabu. Alijua yametimia, kwa maana lile la pembeni, linalovuja, lilikuwepo. Kisha maji yakamfunika na matundu yakacheza, na bado aliyaona, na kwa muda ule mfupi alielewa kwamba zile Sabato zote alizokaa peke yake kwenye kigoda, akidhani ametupwa nje, mtu mwingine alikuwa amezikubali kuwa ibada. Alicheka. Mtu akicheka majini hunywa maji, naye aliyanywa.

Akainuliwa akikohoa. Kanisa likasema amina, wengine wakidhani ni Roho, wengine wakidhani amepaliwa. Alipangusa macho akatazama nyuma kabisa, mlangoni. Lewis alikuwa ameinamisha kichwa, mikono kati ya magoti, na kwa mara ya kwanza tangu aje hakuwa na dharau yoyote usoni. Alikuwa anaogopa tu. Moyo ule uliopanuka ulimpenda mtoto yule mpaka ukauma.

Alfayo aliegemea kutoka ngazini, akitia alama daftarini. "Mama, umeionaje Yordani yetu?"

"Sikuiona, mzee," akasema Nyakerario. "Niliipa mgongo, kama mlivyonipa."

Akapanda ngazi za upande wa pili. Persis alimfunika shuka, akampeleka kwenye chumba cha nyuma, akafunga mlango, akaanza kumsaidia kuvua gauni lililomgandama. Hawakuzoea kuwa peke yao, hao wawili. Nje waliimba.

"Mama Lewis," akasema Persis mwishowe, "nilikuona. Ulikuwa unacheka chini ya maji. Uliona nini?"

"Wewe siku yako uliona nini?"

Persis alikamua pindo la gauni kwenye ndoo. "Nilifumba macho. Nilikuwa na miaka kumi na sita, mto ulikuwa na baridi, nikaogopa. Sikuona kitu." Akakamua tena mahali palipokwisha kukamuliwa. "Tangu nilipofanywa shemasi nawapokea wanaotoka. Huwa natazama nyuso zao nijue wameona nini. Hakuna aliyewahi kuniambia."

Nyakerario alikuwa na maneno aliyomwekea mwanamke huyu tangu siku mabati yale yaliposhushwa uani kwake. Aliyanoa kila Sabato. Aliyatafuta sasa, akakuta mengi yamebaki kule majini.

"Nimeona mabati yako ya zamani," akasema.

Persis alimtazama, akidhani baridi imemwingia kichwani.

"Kesho saa nne jua likipanda, njoo jikoni kwangu. Utalala chali kwenye gunia, utazame juu, usifumbe macho. Hujawahi kukanyaga mle tangu paezekwe."

"Hukuwahi kuniita."

"Basi nakuita. Na najua una maringo, kwa hiyo njoo na shuka yako. Gunia si safi."

Persis alikunja lile gauni lililolowa, akalikunja tena, akaliweka juu ya magoti yake. Kisha akasema kwamba atakuja, na kwamba ataleta shuka mbili.